Ludovika Alikalia Tikiti

Kijiji kipya, kwa njia ya Posta Katesh
9 Machi 1975

Kwa mpwa wangu Fabiola,

Kabla ya salamu nakuambia: habari hii kila mtu anaisimulia vibaya. Kama jirani yangu Hhando amekuandikishia barua, ichome. Kama umeisikia kwa abiria wa basi la Singida, ziba masikio. Anayeijua vizuri ni mimi peke yangu, kwa sababu tikiti lilikuwa langu.

Haya, salamu sasa. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, marahaba mwanangu. Mkazamjomba wako Perpetua hajambo, isipokuwa goti. Mimi sijambo, meno yamebaki manne na yote yanafanya kazi. Patriki mwanangu bado yuko Mbeya kwenye reli, tangu Oktoba hatujamwona. Ng'ombe wamebaki wawili baada ya ukame ule: mmoja anasimama mwenyewe, mwingine tunamsimamisha kila asubuhi mimi na Perpetua, mmoja mkiani, mmoja pembeni. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima anasema herufi zangu zimelala kama walevi. Nikamwambia, mwalimu, mlevi ndiye husema kweli.

Sasa sikia. Unajua sisi watu wa Maretadu, watu wa mlimani, tunajua mahindi, maharage, na vibuyu vya kutilia pombe. Kitu cha duara, kijani nje, chekundu ndani, kinachotoa maji kama kisima, nani alikiona? Hakuna. Mimi ndiye niliyekileta. Nilipokuwa askari Misri kwenye vita ya Hitila tulifungua kaburi la mfalme wao wa zamani, tukakuta dhahabu na mbegu. Wenzangu wajinga wakachukua dhahabu. Mimi nikachukua mbegu, nikazishonea kwenye mkanda miaka thelathini. Operesheni Vijiji ya serikali ilipotushusha huku bondeni nikaona udongo wa mchanga, nikasema mfalme, siku yako imefika. Desemba nikapanda nyuma ya nyumba. Februari matikiti yamelala pale kama nguruwe waliokunywa.

Basi Ludovika, mke wa Patriki, ana mimba ya miezi mitano. Zile mbili za kwanza unajua zilivyoharibika kule Maretadu, sitazitaja. Jumanne alikwenda kisimani. Wanawake walio nyuma yake kwenye foleni wakaona nguo yake ya njano ina doa jekundu hapa nyuma. Kelele! Mimba imetoka, anaficha! Ndoo zikaachwa, watu wakamkimbia kama moto wa nyika.

Desturi unaijua. Mwanamke akipoteza mimba, nyumba inaingia metimani, inafungwa. Hakuna wa kukupa moto, huchoti maji na watu, ng'ombe wako hawalishwi na wa wenzio, mpaka miezi ipite. Kule juu ilikuwa nafuu, kila mtu na kilima chake na chemchemi yake. Huku Ujamaa nyumba zimepangwa mstari kama askari kwenye gwaride na kisima ni kimoja. Wakitufunga huku, tutakunywa nini? Na ng'ombe wa Hhando alikufa kesho yake, kwa hiyo Hhando anasema ni doa la Ludovika ndilo lililomuua. Ng'ombe mwenyewe alikuwa hana nyama hata ya kumpa inzi!

Ukweli ni huu: Ludovika alikalia tikiti. Lilikuwa limepasuka shambani kwangu, yeye akaketi bila kutazama. Basi. Na tikiti langu ni jekundu sana, Perpetua amefua nguo ile mara tatu na majivu, bado doa lipo. Hapo ndipo ujue ni mbegu ya mfalme.

Kesho mwenyekiti Yoakimu ameita mkutano. Usiogope. Nitawachekesha.

Mimi mjomba wako,
Qamara


Tabora
2 Aprili 1975

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena, hata kama umeshaipokea. Mpe shikamoo mkazamjomba Perpetua na mwambie apashe chumvi moto, aifunge kwenye kitambaa, aiweke gotini. Mimi ni mzima. Hapa wodini tuko wauguzi wawili kwa vitanda thelathini. Barua yako imenifikia jana, imetembea siku ishirini na tatu.

Mjomba, nimecheka, kisha nimeacha kucheka. Nianze na kicheko. Mbegu hizo ulipewa na Urban, bwana shamba wa Katesh, wakati wa likizo yangu ya Krismasi. Nilikuwa nimesimama pale. Alizitoa kwenye bahasha ya kaki, na wewe ulimwuliza kama zinaliwa au zinapandwa.

Ila safari hii uongo wako umepita karibu na ukweli. Mwalimu wetu wa lishe alitufundisha kwamba tikiti maji ni tunda la Afrika hii hii. Mababu zake wa porini wako kwenye nchi kavu za kusini, na wengine Sudan. Nyama yake ilikuwa nyeupe na chungu, watu waliliweka kwa ajili ya maji wakati wa kiangazi. Waliendelea kuchagua lililo tamu kidogo na kupanda mbegu zake, mpaka likawa hili. Na ni kweli mbegu zilikutwa Misri kwenye makaburi ya wafalme. Kwa hiyo hukulileta kutoka ugenini. Lilikuwa la kwetu kabla yako.

Faida zake: ukiligawa mafungu mia, zaidi ya tisini ni maji. Sukari ipo kidogo, vitamini C na A zipo. Linakata kiu, linasaidia choo, na kwa mama mjamzito kwenye joto la bondeni ni zuri. Osheni ganda kabla ya kukata na lifunikeni, inzi huleta kuhara. Mbegu msitupe. Zikaangeni, mzitwange, zina mafuta na protini, na mwaka huu wa njaa zitawafaa. Sehemu nyeupe ya ganda hupikwa mboga kama maboga machanga.

Sasa lile lililonikomesha kucheka. Mjomba, hapa Tabora matikiti ni mengi. Watoto wa wodini wanajipakaa mpaka masikioni. Mimi ndiye ninayefua mashuka. Maji matupu yanaliondoa. Halihitaji sabuni, wala majivu, wala mara tatu.

Nakuuliza kwa heshima zote, nijibu mstari mmoja tu: lile doa lilikuwa nini?

Mpwa wako,
Fabiola


Kijiji kipya
20 Aprili 1975

Mpwa wangu msomi,

Marahaba. Chumvi imefanya kazi, Perpetua sasa ananifukuza mpaka mlangoni. Mvua imenyesha siku nne, mahindi yamefika magotini. Unga wa serikali ule wa njano umekuja mara moja, watu wanauita Yanga. Ng'ombe wa kusimamishwa amekataa kusimama, tumemla.

Barua yako ililoa njiani. Nimeisoma hadi kwenye maboga machanga, mstari wa mwisho umefutika. Pole.

Nikueleze mkutano. Mungu wangu! Ungekuwepo! Hhando alisimama kwanza, amevaa blanketi lake kama askofu, akasema: "Nyumba ya Qamara ifungwe. Wasichote maji. Ng'ombe wangu amekufa, kesho atakufa wa nani?" Watu wote wakaguna. Yoakimu anakuna kichwa na kalamu, chama kinamwambia aachane na mambo ya kale, na mama yake mzazi yuko pale anamtolea macho.

Nikasimama. Nikasema, Hhando, wewe umewahi kuona damu tamu? Nikamwita Ludovika. Akaja na tikiti kichwani, kubwa kuliko yote, anatembea wima mbele ya watu wote, ili waone wenyewe kama huyo ni mtu aliyeharibu mimba. Nilimwambia acheke. Akacheka. Nikapiga tikiti kwa mundu, pwaa! Wekundu ukaruka. Watu wakarudi nyuma, wanawake wakafunika macho ya watoto. Nikala mbele yao, maji yanatiririka kwenye kifua. Kisha Ludovika akala. Kisha Yoakimu, kwa sababu ni mwenyekiti na alikuwa na njaa. Baada ya hapo hakuna foleni! Matikiti kumi na manne yaliyoiva yaliisha kabla jua halijageuka. Kila mtu ana doa! Blanketi la askofu Hhando lilikuwa jekundu mpaka chini. Nikamwambia, Hhando, pole kwa mimba yako. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Sasa hakuna mtu wa kutufunga. Mtu akiona doa kijijini anasema tu, huyo amekalia tikiti. Limekuwa neno la watu.

Ludovika hajambo. Amepauka kidogo na anapumzika njiani mara mbili akienda kisimani, lakini ni mimba tu. Kukosea kwako ni hapa: unasema tikiti ni maji. Wewe hukuona wekundu ule? Zamani mama akipungukiwa tulimpa damu ya ng'ombe na maziwa. Ng'ombe sasa hakuna. Basi nampa tikiti asubuhi, tikiti jioni, kurudisha damu. Vile vidonge vyeusi alivyopewa na zahanati vilimfunga choo, nimemwambia aviache, tikiti linatosha.

Nimepanda nyingine shamba zima. Wote wanataka mbegu. Wananiita Bwana Tikiti.

Qamara


Tabora
6 Mei 1975

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima na salamu zenu nimezipata. Leo sitaandika mengine ya nyumbani.

Nilisoma barua yako nikiwa zamu, ikabidi nikae kwenye kitanda cha mgonjwa. Umeandika "kurudisha damu". Mjomba, hurudishi kitu ambacho hakijatoka.

Nisikilize kama ambavyo ungemsikiliza marehemu mama yangu, dada yako. Wekundu wa tikiti si damu. Ni rangi tu, kama wekundu wa nyanya. Madini yanayojenga damu kwenye tikiti ni machache mno. Akila mashamba yote ya Hanang atapata maji na utamu, damu yake itabaki pale pale. Vidonge vile vyeusi ndiyo damu. Avirudie leo. Mpeni na maharage, mchicha, dagaa kama wanapatikana, ini likipatikana. Kwa choo, hapo tikiti ni dawa nzuri: ameze kidonge na ale tikiti. Kwa pamoja. Si hiki badala ya kile.

La pili linanitisha zaidi. Mimba ikitoka damu bila maumivu, kisha ikanyamaza, mara nyingi ni kondo la nyuma limekaa mlangoni, chini ya mtoto. Huko kunyamaza si kupona. Linangoja. Damu ya kwanza huwa kidogo, ya pili huzidi, ya tatu nimeiona kwa macho yangu hapa mara mbili na sitaki kuiandika. Mtoto hawezi kutoka mwenyewe, lazima apasuliwe. Mwambie mkunga wa kijiji asimpime kwa mkono, hata kidole kimoja. Na apelekwe hospitali sasa akiwa mzima, akakae huko mpaka ajifungue.

Ninajua unachoogopa. Ninakijua kisima. Nimekulia kwenye desturi hiyo, mjomba, mama alifungiwa miezi minane na mimi nilikuwa mgongoni. Lakini mtu aliyefungwa yuko hai.

Mpe Ludovika barua hii mwenyewe. Anajua kusoma.

Fabiola


Kijiji kipya
23 Mei 1975

Fabiola,

Marahaba. Wote wazima.

Barua nimeipata. Sikumpa Ludovika.

Basi nitakuambia nusu, nusu nyingine utaijua mwenyewe kwa kuwa unajua kila kitu. Hakukalia tikiti. Mimi nilikuwa shambani aliporudi analia kutoka kisimani, na watu wanasimama mbali wanatazama nyumba yangu. Nilikuwa na tikiti mkononi. Nikalipasua, nikampaka. Ilikuja yenyewe kama hadithi zangu zote zinavyokuja. Perpetua aliniangalia tu.

Usiku ule na kesho yake Ludovika aliniambia, "Baba, nipeleke hospitali." Nikamwambia ngoja watu wasahau. Na sasa nikienda kuomba gari kwa Yoakimu atauliza mgonjwa ana nini. Nikisema, basi nilidanganya mkutano mzima, na nyumba inafungwa, tena sasa wataongeza na miaka ya hasira. Maji mengine yako wapi? Perpetua na goti lile atafika bonde la pili? Wewe uko Tabora unafungua bomba.

Ikatoka tena kidogo siku ya Pasaka. Ikaacha. Sasa ni wiki nyingi kimya. Mtoto anapiga teke, nimemwona akilitikisa gauni. Amebakiza mwezi na nusu. Vidonge ameanza tena, na maharage. Hayo nimekutii.

Usiku siku hizi nasikia kila anapogeuka kitandani. Mimi niliyelala kwenye mizinga ya Hitila.

Aliyelala tusimwamshe. Niache nimfikishe.

Qamara


SIMU
Kutoka Tabora 9 Juni 1975
Kwa Qamara, kijiji kipya, kupitia Katesh

MPELEKE LEO USINGOJE SEMA KWELI FABIOLA


Kijiji kipya
29 Juni 1975

Mpwa wangu Fabiola,

Marahaba, na shikamoo yangu mimi kwako, leo nakupa, umeistahili.

Perpetua mzima. Patriki amepelekewa habari na yuko njiani. Sasa nakueleza, na watu wameshaanza kulisimulia vibaya, kwa hiyo shika hili langu.

Simu yako ililetwa tarehe kumi na mbili na Tadeo, dereva wa lori la unga. Huyu Tadeo ni kijana wa Bukoba, hana mila yetu hata moja. Alifika asubuhi, magunia hamsini, watu wote wamejipanga na debe zao. Akaita jina langu, akanipa kile kikaratasi. Nilikuwa ninasoma neno la kwanza, nalisoma herufi moja moja, m-pe-le-ke, Perpetua akapiga ukelele kutoka nyumbani.

Nilikuta Ludovika amekaa sakafuni ameegemea ukuta. Sitakuandikia. Wewe umeiona hapo wodini, mimi ilikuwa mara ya kwanza, na vita nimeenda. Haikuwa doa. Alikuwa ananiangalia na hakulia. Mikono yake ilikuwa baridi kama mawe ya asubuhi.

Nikakimbia hadi kwenye lori. Miaka sitini na nane, nikakimbia. Nikapanda juu ya magunia, nikasema kwa sauti: "Ni damu! Ilikuwa damu tangu Machi! Niliwadanganya! Nipeni gari!"

Unajua walifanya nini? Walicheka.

Fabiola, walicheka mpaka debe zikaanguka. Mmoja akasema, "Mzee Qamara leo anauza tikiti gani?" Mwingine, "Nani tena amelikalia?" Yoakimu anafuta machozi ya kicheko, ananiambia, "Shuka mzee, tugawe kwanza, utatuchekesha baadaye." Nikalia. Wakasema tazama, hata machozi anayo! Nikaapa kwa kaburi la dada yangu. Hhando akasema, "Huyu hata kwenye maziko yake atatutania." Maisha yangu yote nilitaka watu waamini ninayosema. Siku ile nilisema kweli mara moja tu, na nilikuwa nimewafundisha vizuri mno.

Ndipo Perpetua akaja. Anakuja polepole na goti lake, ana nguo mbili mkononi. Moja shati langu, nilikuwa nimekula tikiti jana yake. Ya pili ya Ludovika. Akalisogelea debe la maji la Hhando mwenyewe, alilotoka nalo kisimani. Akatumbukiza shati, akasugua mara mbili, akalitoa limetakata. Akatumbukiza nguo ya pili. Maji yakageuka, nguo haikugeuka. Wanawake wote wanajua kufua, Fabiola.

Kicheko kilikatika kama kimekatwa na mundu.

Kisha ikawa mbaya zaidi, maana sasa waliamini. Walirudi nyuma wote, hatua kumi, hatua ishirini. Nikasema nisaidieni kumbeba. Hakuna aliyesogea. Watu niliokula nao, niliowachekesha miezi mitatu. Mikono wameificha nyuma. Ni Tadeo aliyeshuka, akasema, "Nyie mnaogopa nini? Mama anakufa!" Akaenda na mimi, tukambeba kwenye ngozi ya kulalia, mimi kichwani, yeye miguuni. Tukafika kwenye lori. Tadeo akasema, "Mweke juu ya magunia, twende."

Hapo Hhando akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. "Si kwenye unga!" Maana damu ile ikigusa chakula, kijiji chote hakitakula, na hakuna kingine mpaka mwezi ujao. Watoto wake sita. Sasa tazama: watu wale wale waliokataa kumgusa wakalivamia lori. Wanaume, wanawake, mama yake Yoakimu mwenyewe! Wanavuta magunia, wanayatupa, yanapasuka, unga wa Yanga umefunika kila mtu, wanakohoa, wamekuwa wa njano kama mizimu. Kazi ambayo huchukua nusu siku waliimaliza kabla sijapata pumzi. Hhando alishusha magunia tisa peke yake, nilihesabu. Hakuna hata mmoja aliyefanya kwa upendo. Ni hofu tupu. Lakini lori lilikuwa tupu, na tukaondoka.

Nilikaa naye nyuma. Barabara ile unaijua. Kila shimo niliona rangi yake inatoka. Nilitaka kumsimulia kitu, nifungue mdomo nimchekeshe kidogo, asifumbe macho. Hakuna hadithi iliyokuja. Hata ya mfalme.

Hospitali walimpasua siku ile ile. Ni kondo mlangoni, kama ulivyosema, daktari alitumia maneno yako. Wakataka damu ya ndugu. Nikatoa mkono, muuguzi akacheka, akasema, "Babu, damu yako baki nayo wewe." Nikamwuliza kama tikiti halitafaa. Akaniangalia, akaona siulizi kwa utani, akaniambia taratibu, "Babu, damu ya mtu iko kwa mtu." Tadeo alitoa chupa. Mtu wa Bukoba. Ya pili aliitoa fundi mmoja aliyekuja kutengeneza mlango.

Mtoto ni wa kike. Mdogo, unaweza kumweka kwenye kibuyu cha maziwa akabaki na nafasi. Siku tatu walikuwa hawatuambii kitu. Sasa ananyonya na analia, sauti anayo.

Nyumba yetu hawajaifunga wala hawajaifungua. Mtoto yuko hai, kwa hiyo desturi haijui iseme nini, na wazee wanaongea. Tunachota maji wakishamaliza wote. Hhando anapita mbali, lakini juzi nilikuta mtu ameweka ini la mbuzi kwenye kizingiti, limefungwa kwa jani. Lilikuwa na harufu ya blanketi la Hhando, ninaijua. Matikiti yameiva tena, hakuna anayeyakata. Ninakula mimi na Perpetua, ganda tunapika mboga kama ulivyoelekeza, na mbegu Perpetua anazitwanga. Ni nzuri, hukukosea. Na tikiti lenyewe ni tamu, hasa likipozwa kwenye maji.

Ludovika yuko kitandani, anakaa sasa, anakula maharage na vidonge vyake. Anakusalimu sana. Jana nilipomletea tikiti hospitalini alishika mkono wangu, akasema, "Baba, wewe ni mwongo, lakini lori ulilileta."

Nimesoma tena barua hii yote, na mwalimu wa kisomo anasema ukikosea usifute, andika chini yake. Basi naandika. Yote ni kweli, na unga ni kweli, na magunia tisa ni kweli. Maneno ya Ludovika nimeyatunga mimi. Tikiti lilibaki juu ya kabati la hospitali, hakuligusa. Tangu siku ile ya mkutano nilipomwambia acheke, hajaniambia neno hata moja.

Qamara